Mchezo wa Kuigiza na Ukuaji wa Mtoto

Mchezo wa kuigiza ni ule ambao mtoto hugeuza kitu kuwa kingine au hujifanya mtu mwingine. Katika miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Nkubu hadi Runyenjes, hauhitaji fedha: tope huwa ugali, jani la mgomba huwa sahani, na gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa huwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wakenya wengi huuita kalongolongo.

Dalili zake huanza karibu na mwaka 1, mtoto anapojifanya kunywa katika kikombe kitupu. Kufikia miaka 2, humlisha mwanasesere. Kati ya miaka 3 na 5, watoto hugawana kazi: mmoja ni karani wa kituo cha majani chai, wengine ni wakulima walio foleni na vikapu vyao. Hapo hulazimika kungoja zamu, kukumbuka nafasi zao na kubishana kuhusu kilo kwa maneno badala ya ngumi.

Mwaka 1933, mwanasaikolojia Lev Vygotsky wa Urusi alieleza kuwa fimbo inapogeuzwa farasi, mtoto hujifunza kutenganisha maana na kitu chenyewe. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uligundua kuwa ushahidi kwamba mchezo huu pekee ndio unaokuza akili bado ni dhaifu. Huenda mazungumzo yanayoandamana nao yana mchango wake.

Utafiti mmoja uliofanywa Embu, kwenye miteremko hiyohiyo, unagusa jambo hilo. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Kenya na Marekani walifuatilia watoto wadogo nyumbani kwao. Waliosemeshwa mara nyingi na kuitikiwa walipotoa sauti walifanya vyema zaidi katika vipimo vya ukuaji wa akili. Waliobebwa muda mrefu walibaki nyuma. Chakula nacho kina nafasi yake. Katika utafiti mwingine wa Embu, ulioanza 1998 katika shule 12, wanafunzi walioongezewa nyama kwenye githeri walionyesha uongozi zaidi michezoni.

Nyumbani, basi, mzazi hahitaji kuongoza mchezo. Akikaribishwa chai ya tope, aipokee, aipulize na kuuliza imetiwa sukari kiasi gani. Anapokama au kuchambua maharagwe, aeleze anachofanya, kwani watoto huigiza kazi wanazoziona. Kaka na dada, ambao mara nyingi ndio walezi wa mchana, wapewe nafasi ya kucheza na wadogo wao.

Usalama uzingatiwe. Mikebe ya dawa za kunyunyizia kahawa isigeuzwe sufuria hata ikioshwa, na vizibo vya chupa na mbegu viwekwe mbali na walio chini ya miaka 3, kwa sababu huweza kuwakaba. Mtoto ambaye kufikia miaka 2 na nusu haigizi chochote, hasa ikiwa pia haungi maneno mawili au haitiki jina lake, apelekwe kliniki ya watoto akachunguzwe.