Hodi ya Mtu Asiyejulikana



Tangu zamani wazee wetu wametufundisha kwamba mgeni mwema hasukumi mlango. Hupiga hodi, hutaja jina lake, kisha hungoja neno la karibu. Siku hizi nyumba zetu zina mlango mwingine, mdogo hata waingia mfukoni, nao ni simu. Mlango huo hugongwa usiku na mchana, na mara nyingi anayegonga hatumjui. Huyu atangaza bahati nasibu, yule asema tumeshinda zawadi, na mwingine aulizia namba yetu ya siri. Je, tuitupe simu? La, kwa maana simu hiyo hiyo hutuletea habari za mtoto anayesoma Bukavu na msaada wa ndugu anayefanya kazi Kolwezi. Yafaa basi tujifunze kuwapambanua wageni.

Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulipelekwa katika simu ya mkononi huko Uingereza, tarehe 3 Desemba 1992. Fundi mmoja, jina lake Neil Papworth, aliandika salamu ya Noeli kwenye kompyuta, nayo ikafika katika simu ya mkubwa mmoja wa kampuni ya Vodafone. Ilikuwa salamu ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Leo kompyuta moja yaweza kutuma maelfu ya ujumbe kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo, na hapo ndipo lilipo shina la taabu yetu. Mwizi wa zamani alilazimika kuijua nyumba yako na saa ya kulala kwako. Mwizi wa simu hana haja ya kukujua. Hutupa wavu wake kwa watu elfu kumi, na akinaswa mmoja tu, amepata faida yake.

Lakini tusiwatie wote katika kapu moja. Wako wafanya biashara wa kweli wanaotuchosha kwa matangazo. Hao ni wasumbufu, si wevi. Ukiona tangazo limetoka kwa kampuni unayoijua, nalo laeleza njia ya kujiondoa, fuata njia hiyo, au uende katika ofisi ya kampuni ya simu yako ukaombe yakomeshwe. Kwa mwizi mambo ni kinyume. Usimjibu hata neno moja, wala kwa matusi, kwa sababu jibu lolote humwonyesha kwamba namba hiyo ina mtu, naye atarudi. Funga namba yake katika simu yako, na kazi imekwisha.

Sasa tutazame hila zao. Ya kwanza yajulikana sana Tanzania. Mtu hupata ujumbe mfupi usemao kwamba ile pesa aitume kwa namba hii. Pesa gani? Mwandishi hasemi, na ndiyo akili yake. Kati ya maelfu wanaopata ujumbe ule, hakosi baba aliyekuwa karibu kulipa kodi ya nyumba, au mama aliyeahidi karo ya shule. Huyo hudhani ameandikiwa na mtu wake, akatuma.

Ya pili ni pesa ya uongo. Simu yako yaonyesha kwamba umepokea franka kadha. Mara mtu akupigia akilia: amekosea namba, tafadhali mrudishie. Kumbe ule ujumbe aliuandika yeye mwenyewe, akiiga maneno ya kampuni. Usimrudishie kitu. Angalia kwanza salio lako kwa njia ya kawaida. Hata ukikuta pesa imeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni yake, nayo ndiyo itakayoirudisha.

Ya tatu Wajapani waliiita wangiri, yaani kulia mara moja na kukata. Simu yalia kidogo, kisha kimya. Namba ni ya nchi ya mbali. Ukipiga kwa kutaka kujua ni nani, waunganishwa na namba ya gharama kubwa, na sehemu ya fedha yako humwendea mwizi. Sisi wa Kongo namba zetu huanza na 243. Ukiona mwanzo mwingine, nawe huna ndugu huko, acha.

Ya nne ndiyo mbaya kupita zote. Mtu asema yu mfanyakazi wa kampuni ya simu, ataka kutengeneza hesabu yako, umsomee namba zilizokufikia sasa hivi. Namba hizo ni ufunguo wa nyumba. Mfanyakazi wa kweli hakuulizi namba ya siri, kamwe.

Wengine watasema: serikali ifanye kazi yake. Ni kweli, nayo imeanza. Hapa kwetu sheria ya mambo ya dijitali ya mwaka 2023 yalinda habari za kila mtu. Tanzania iliamuru laini zote ziandikishwe kwa alama za vidole, na tangu Januari 2020 ikaanza kuzifunga zisizoandikishwa. Tena raia hupeleka namba ya tapeli kwa 15040. Marekani iliweka mwaka 2003 daftari la watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara. Wafanya biashara wenye haya wakalitii daftari, lakini wevi hawakulijali. Ikabidi sheria nyingine, ya mwaka 2019, kuzilazimisha kampuni zihakikishe kama namba inayoonekana ndiyo namba inayopiga kweli. Kwa maana namba yaweza kuvishwa vazi la uongo. Jina la kampuni likionekana kwenye kioo cha simu, hilo si ushahidi.

Hapa yatokea swali gumu. Itakuwaje simu ikisema: mtoto wako ameanguka, yuko hospitali, tuma pesa ya dawa upesi? Mzazi gani atatulia? Mwizi ajua hivyo, naye hutumia upendo wetu kama fimbo ya kutupigia. Wala hatuwezi kukataa kila namba ngeni, kwani siku moja hospitali itapiga kweli. Dawa ni moja: kata simu, kisha wewe mwenyewe upige kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, ya mtoto, ya mwalimu wake, au ya jirani yake. Habari ya kweli haiharibiki kwa kungoja dakika tano. Ya uongo huharibika.

Basi kila jamaa ipatane mapema. Andikeni namba za kweli katika daftari la nyumbani. Chagueni neno moja linalojulikana kwenu tu, na anayeomba pesa kwa simu aulizwe neno hilo. Nanyi wanafunzi mnaoijua simu kuliko wazee wenu, msiwacheke. Kaeni na bibi jioni, mwonyesheni jinsi ya kufunga namba, tena na tena mpaka aweze peke yake.

Na ikiwa mtu wa nyumba amekwisha kudanganywa, msimgombeze. Aibu ni rafiki wa mwizi. Mtu anayeogopa kuchekwa huficha habari siku tatu, na katika siku hizo pesa imekwisha kutolewa. Akisema mara moja, kampuni ikaarifiwa saa ile ile, pengine yaweza kuzuiwa kabla haijatoka. Kwa hiyo mama akiingia ndani na simu mkononi, uso umembadilika, mpeni kiti, mwulizeni kwa upole, kisha mwende naye ofisini kabla haijafungwa.