Fahamu: Vimeng'enya vinavyochangia ngiri ya tumbo

Ngiri hutokea utumbo au mafuta yanapopenya sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Mizigo mizito hulaumiwa haraka mno. Mara nyingi udhaifu umo kwenye tishu zenyewe.

Kolajeni huvunjwaje?

Ukuta huo hushikiliwa na protini iitwayo kolajeni: aina ya 1 ni nene na imara, aina ya 3 ni nyembamba. Vimeng'enya viitwavyo MMP huvunja kolajeni kuukuu ili mpya ijengwe. Kwa wagonjwa wengi wa ngiri, aina ya 1 huwa imepungua ikilinganishwa na ya 3. Katika baadhi ya ngiri za kinena, watafiti wamekuta MMP-2, mojawapo ya vimeng'enya hivyo, ikiwa juu.

Kwa nini ni muhimu?

Uvutaji sigara huvuruga ujenzi wa kolajeni. Tishu dhaifu ikishonwa tu, ngiri hurudi kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana wapasuaji wengi huweka wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo.