Maji Yanapokutana na Kinywe

Mtu akitoka Hirbadaw akashika njia ya kaskazini mashariki hata akafika Mirerani, katika wilaya ya Simanjiro ya mkoa wetu huu huu wa Manyara, ataona miamba inayoacha weusi mkononi kila iguswapo, nayo ndiyo miamba yenye kinywe ambamo tanzanaiti ilivumbuliwa mwaka 1967. Na kwa kuwa jiwe lile la buluu lina thamani kubwa, wengi huupita ule weusi pasipo kuujali, ilhali kwa mwenye kupenda elimu una ajabu zisizopungua za johari.

Kinywe ni kaboni tupu, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja ikitengwa peke yake huitwa grafini, na waliofanikiwa kuitenga ni Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, ambao mwaka 2004 waliibandua kwa utepe wa gundi, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Unene wake ni wa atomu moja tu, hata tabaka milioni tatu zikirundikwa hukaribia milimita moja.

Je, maji huishika kaboni hii au huikataa? Wachenjuaji walidhani wamekwisha kupata jawabu tangu mwaka 1877, ndugu wawili wa ukoo wa Bessel huko Dresden, Ujerumani, walipopata hataza ya kuchenjua kinywe kwa mapovu. Hata leo mwamba husagwa, ukatiwa tangini pamoja na maji, mafuta ya taa au dizeli kidogo na dawa ya kutoa povu, kisha hewa hupulizwa ndani. Chembe za mawe hulowa zikazama, na magamba ya kinywe hujibandika kwenye mapovu, yakapanda juu, yakakwanguliwa. Kwa sababu hiyo ikathibiti vitabuni kwamba kinywe, kwa maumbile yake, hakipatani na maji.

Kipimo cha kadhia hii kilielezwa na tabibu Mwingereza Thomas Young mwaka 1805: tone likitua juu ya kitu, ukingo wake hufanya pembe na uso uliotuliwa, na pembe ikiwa ndogo, tone limetandaa na uso umelowa, ikipita nyuzi 90, tone limejikusanya na uso umeyakataa maji. Kinywe kilipopimwa aghalabu kilikaribia nyuzi 90, na wanazuoni wakaridhika.

Mwaka 2012 watafiti wa taasisi ya Rensselaer, Marekani, walizusha mjadala mpya. Walifunika shaba, dhahabu na silikoni kwa tabaka moja ya grafini, wakaona pembe ya tone haikubadilika ila kidogo mno, kana kwamba grafini haipo. Kwa maana nguvu za mvutano baina ya maji na kitu kilicho chini hufika mbali kuliko unene wa atomu moja. Juu ya kioo mambo yalikuwa kinyume, kwani huko maji hushikana na uso kwa vifungo vya karibu sana, navyo tabaka moja yatosha kuvikata. Mwaka huo huo wenzao wa taasisi ya MIT walijibu kwamba upenyo huo wa mvutano kupitia grafini si kamili, na kwamba juu ya vitu vinavyopenda maji mno au kuyachukia mno hauonekani.

Lakini jambo lililonishika zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 2013. Huko walibandua kinywe, wakadondosha maji papo hapo juu ya uso mpya kabla hewa haijaugusa kwa muda, wakapata takriban nyuzi 64; wakauacha wazi, na pembe ikapanda hata kukaribia 90. Kilichokuwa kimebadilika si kaboni. Hewani mna haidrokaboni, yaani mvuke wa mafuta usioonekana, nao ulikuwa umetua juu yake, kama vile samli iliyopakwa ndani ya kibuyu huyafanya maji ya kusuuzia yateleze pasipo kushika. Basi kwa miaka mingi watu walikuwa wakiupima uchafu wa hewa, wakidhani wanapima kinywe.

Kwa rai yangu, ugunduzi huu haubatilishi kazi ya mapovu. Nyuzi 64 bado ni nyingi sana mbele ya chembe safi za mawe, ambazo maji huzienea karibu zote, na tena mchenjuaji hutia mafuta yake kwa kusudi, akifanya dhahiri kile ambacho hewa hukifanya kwa siri. Kinachobatilika ni hukumu za pembe zilizotolewa bila kutaja uso ulikaa wazi kwa muda gani, na katika mabishano ya 2012 hoja hii ina uzito mkubwa.

Mwalimu wa sayansi wa Hirbadaw aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe. Na apate gamba pana la kinywe, alibandue kwa selotepu, adondoshe tone dogo mara moja, na alitazame kutoka ubavuni, jicho likiwa sawa na meza. Kisha gamba likauke, aliache wazi usiku kucha, arudie kesho yake bila kulibandua. Na aandike saa ya kila tone, na kama kulikuwa na moto wa kuni karibu.