Njabini: Nenda na sweta, na macho yawe wazi

Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha, wengi wakifika Flyover hunyoosha tu. Wewe kata kulia. Mbele ni Njabini, Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua. Baridi ya huku haina mchezo.

Haya yalikuwa mashamba ya walowezi hadi miaka ya 1960, yaliponunuliwa na kugawiwa wakulima Waafrika. Leo utaona waru, kabeji, minji na ng'ombe wa maziwa. Bwawa la Sasumua lililo karibu hupeleka maji Nairobi; huenda ndiyo unayooga. Kwenye nyasi mtafute Sharpe's longclaw, ndege wa kifua cha manjano asiyepatikana nje ya Kenya. Nyasi zikilimwa zote, naye hana kwao.

Umependa, unataka kununua? Usitume hata shilingi kwa sababu ya picha za simu. Kagua hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi, kisha ombeni kibali cha bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mkataba wa shamba ni karatasi tu.

Na ukilipata, lima. Shamba likikatwakatwa ploti, chipsi zako zitatoka wapi?