Zazen: kukaa kimya ni ibada ao ni mazoezi tu?

Kuna swali ambalo wazazi na wazee wa kanisa wametuletea zaidi ya mara moja. Vijana wetu wanaojifunza karate hupiga magoti mwanzo na mwisho wa mazoezi, hufumba macho na kunyamaza kidogo. Kisha, katika kumbi zingine, huinama mbele ya picha ya mzee wa Kijapani iliyotundikwa ukutani. Unyamavu ule mwalimu anauita kwa neno la Kijapani, mokuso. Tena, katika vikao vya kusaidia watu walioumizwa na vita, wasaidizi hufundisha watu kukaa, kulegeza mabega na kufuata pumzi yao. Mtu akitafuta kwenye simu, anakuta mambo haya yanatajwa pamoja na Zen, njia moja ya dini ya Buddha. Basi wanauliza: hayo ni ya kiroho ao ya kimwili?

Mbele ya kujibu, tuangalie neno lenyewe. Katika makanisa yetu neno "kiroho" limebebeshwa mizigo mitatu. Mara linahusu Roho Mtakatifu, kama Mtume Paulo anavyolitumia. Mara linahusu roho zingine, yaani mapepo, na hapo ndipo wazazi wanaingiwa na hofu. Mara nyingine ni mambo ya kanisani tu, mbali na shamba, soko na jiko: kuimba kwaya ni kiroho, kubeba mawe ya kujenga kanisa ni kimwili. Anayeuliza kama Zen ni ya kiroho anauliza maswali matatu kwa mara moja, na majibu yake hayafanani.

Wajapani wenyewe hawakuwa na neno moja la "dini" kwa maana tunayoizoea. Neno shukyo lilianza kutumiwa hivyo wakati wa utawala wa Meiji, baada ya mwaka 1868, walipohitaji kutafsiri neno la watu wa Ulaya. Wakati ule Zen ilikuwa imekwisha kukaa Japani zaidi ya miaka 600.

Jina Zen ni matamshi ya Kijapani ya neno la Kichina chan, nalo limetoka katika neno la kale la India, dhyana, maana yake kutuliza akili katika kutafakari. Mtawa Eisai alirudi kutoka China na mafundisho ya Rinzai mwaka 1191. Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200, alivuka bahari mwaka 1223 na kurudi mwaka 1227 na mafundisho ya Soto. Mwaka 1244 alianzisha milimani monasteri ambayo leo inaitwa Eiheiji. Kazi kubwa pale ni zazen, yaani kukaa. Mtawa anakunja miguu juu ya mto, ananyoosha mgongo, anaweka mkono juu ya mkono na ncha za vidole gumba zikigusana. Macho hayafumbwi kabisa, na uso unaelekea ukuta. Haombi kitu. Haiti roho yoyote. Dogen alifundisha kwamba mtu hakai ili apate mwangaza kesho. Kukaa kwenyewe ndiyo huo mwangaza.

Lakini Dogen hakuishia kwenye mto. Mwaka 1237 aliandika maagizo kwa mpishi wa monasteri, na ndani yake anasimulia jambo lililompata alipofika China. Akiwa bado kwenye meli bandarini, alikuja mtawa mzee, mtu wa miaka 60 hivi, kununua uyoga. Alikuwa mpishi wa monasteri ya mbali, na alitembea mwendo mrefu kwa miguu juu ya chakula cha siku kuu. Dogen alitaka wakae waongee, mzee akakataa, kwa sababu chakula cha kesho kinamngojea. Dogen akamuuliza: mtu wa umri wako, kwa nini hukai kutafakari na kusoma maneno ya waalimu, badala ya kujisumbua na jiko? Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajaelewa kazi ya njia hii ni nini. Kijana yule hakusahau kicheko kile. Baadaye aliagiza mpishi aoshe mchele kwa mikono yake mwenyewe na asipoteze hata punje moja. Hata kuosha uso na kwenda chooni aliviandikia mafundisho marefu.

Mama anayeamka mbele ya mapambazuko kutwanga sombe angemwelewa mzee yule upesi kuliko sisi tuliosoma teolojia. Na sisi Waprotestanti tuna cha kukumbuka hapa. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika kwamba baba anayefua vitambaa vya mtoto wake kwa imani anampendeza Mungu, hata majirani wakimcheka. Ukuta kati ya takatifu na kawaida, Luther aliubomoa pia. Tofauti ni kwamba kwa Luther kuna Mungu aliyemwita baba yule kwenye kazi ile na anayemwangalia akiifanya. Katika jiko la Dogen hakuna anayeita. Ni mchele, maji, na mtu aliye macho. Tusiseme kwamba ni kitu kimoja kwa sababu tu vyungu vinafanana.

Basi Zen ni mambo ya kawaida tu? Hapana. Ndani ya jumba la kukalia kuna sanamu ya Monju, mfano wa hekima, na watawa huinama. Wanaimba maandiko ya Buddha na kuweka nadhiri ya kuokoa viumbe vyote. Na Mjapani wa kawaida hajui hekalu la Soto kwa zazen. Analijua kwa maziko. Mtu akifa, mtawa anakuja kusoma maandiko, marehemu anapewa jina jipya, na siku ya 49 familia inakusanyika tena. Ukoo mzima unafungwa na hekalu kwa makaburi yake. Jambo ambalo lina maziko, nadhiri, wahudumu na mababu, sisi Waafrika hatuhitaji mtu wa kutufasiria kwamba ni dini.

Sura ile ya Zen isiyo na dini ilisafiri kwenda Amerika na Ulaya. D. T. Suzuki, aliyefariki mwaka 1966, aliandika vitabu vingi kwa Kiingereza akiitambulisha Zen hasa kama jambo la kuonja moyoni, na maziko yakabaki nyuma. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyefundishwa na mwalimu wa Zen kutoka Korea, alianzisha katika chuo cha madaktari cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Aliyatoa maneno ya Buddha ili mgonjwa wa imani yoyote aweze kuingia. Kutoka njia hiyo na zingine, mazoezi ya pumzi yameenea katika hospitali na mashirika ya misaada.

Kwa hiyo sisi hatumuulizi kijana amekaa namna gani, tunamuuliza ameahidi nini. Katika Soto, anayeingia rasmi anatamka kwamba anamkimbilia Buddha, mafundisho yake na jamii yake, na anapokea kanuni 16. Hapo ndipo mpaka. Mkristo hawezi kutamka maneno yale na kubaki na ungamo lake la ubatizo. Mabwana wawili hawakai kiti kimoja. Lakini mokuso ya karate haina ahadi hiyo. Karate ilitoka visiwa vya Okinawa, si kwa watawa wa Zen, na Funakoshi Gichin, ambaye mara nyingi ndiye mzee wa kwenye picha, aliipeleka Tokyo mwaka 1922. Kumuinamia ni heshima kwa mwalimu, kama vile wengi wetu tunavyopiga goti mbele ya wazee. Kijana ambaye dhamiri yake inakataa asilazimishwe, na mwalimu mwema ataelewa.

Kuna jambo lingine ambalo hapa kwetu linatuuma zaidi kuliko picha ukutani. Katika vita vya Japani vya miaka ya 1930 mpaka 1945, waalimu wengi wa Zen waliunga mkono jeshi. Walifundisha askari kujisahau na kutoogopa kifo, na utulivu ule wa mto ukatumika kuua watu wa China. Shirika la Soto lilitubu wazi mwaka 1992, na tawi la Myoshinji la Rinzai mwaka 2001. Hatusemi hivi ili kuwacheka. Wako Wakristo waliobariki silaha, na wengine bado hawajatubu. Lakini sisi tumewaona vijana waliofundishwa kutoogopa. Anayetuambia kwamba kutuliza akili ni mbinu tu, isiyo na upande, atufasirie kwanza mbinu hiyo inatumikia nani.

Sasa, juu ya vikao vya walioumizwa. Mama aliyekimbia na watoto usiku, ambaye leo mlango ukigongwa moyo wake unaruka, akifundishwa kuvuta pumzi polepole na kuhisi miguu yake ikikanyaga udongo, hajaitwa kwa Buddha. Pumzi ile Mungu alimpulizia mwanadamu katika Mwanzo 2. Mzee wa kanisa asimwambie kwamba amefungua mlango kwa mapepo, maana hofu anayo ya kutosha. Kama msaidizi anamwambia kwamba sasa hahitaji tena sala wala kanisa, hapo tuongee na msaidizi. Vinginevyo aende, na mmoja wa akina mama wa kanisa amsindikize, akae karibu naye, wala asianze kuomba kwa sauti upesi. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na shida ilianza walipofungua kinywa.