Kwa nini mhandisi anafundishwa biashara?

Msikilizaji, mzazi wa Kibaoni anayeuza mpunga ili mwanawe asome uhandisi chuo kikuu anaweza kushangaa kusikia kijana anasoma na ujasiriamali. Nimempeleka akajifunze mashine, biashara imeingiaje?

Sababu ni mbili. Kwanza, ajira za serikali na kampuni haziwatoshi wahitimu wote. Pili, mashine nzuri isiyo na mnunuzi huishia stoo. Pampu ya maji nayo inaweza kusimama kijijini kwa kukosa kipuri kimoja. Aliyeiunda alijua kazi yake, ila hakuuliza nani atalipia matengenezo.

Katika somo hili mwanafunzi hujifunza kumsikiliza mteja kabla ya kuchomelea chuma. Hupiga hesabu ya vifaa, vibarua, usafiri na vipuri, kisha hupanga bei yenye faida. Hujifunza pia kusajili biashara na kulinda ubunifu wake kupitia BRELA.

Mfano upo hapa nchini. Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi kutoka Karatu aliyekuwa akifundisha Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha, alibuni kichujio cha maji kinachotumia mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa uchafu. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akapata pauni 25,000. Kabla ya mshindi kutangazwa, washindani wa tuzo hiyo hufundishwa biashara kwa miezi kadhaa.

Ugumu ulikuwa bei, kwa kuwa familia nyingi zisingemudu kununua kichujio kizima. Njia iliyotumika ni vioski: mjasiriamali anawekewa kichujio, naye anawauzia majirani maji safi kwa bei wanayoimudu. Jirani anapata maji, mwenye kioski anapata kipato, na kichujio kina mtu wa kukitunza. Hapo mhandisi hakubadilisha mashine, alibadilisha namna ya kulipia.

Kwa hiyo kijana wako akirudi likizo, mpeleke kwa wenye mashine za kukoboa mpunga. Awaulize nini huharibika mara kwa mara, kipuri hutoka wapi na siku moja ya kusimama huwagharimu shilingi ngapi. Majibu hayo yanaweza kumpa kazi yake ya kwanza, kabla hajaanza kuzunguka na bahasha ya vyeti.