Kuufua Mfarishi Uliokwisha Kushonwa Bila ya Kuuharibu



Mkaguzi aingiapo katika chama cha msingi hutazama kwanza daftari la fedha, kisha daftari la bidhaa, na mwisho ghala lenyewe. Katika chama kimoja cha akina mama washonaji, ambacho sitakitaja jina, nilikuta ndani ya daftari la bidhaa mstari ulioandikwa kwa wino mwekundu: "Mifarishi sita imerudishwa. Rangi." Hapakuwa na maelezo zaidi. Nilipofunguliwa ghala nikaiona. Viraka vyekundu vilikuwa vimechuja juu ya viraka vyeupe, na bitana ilikuwa imejikunja kama jani lililopigwa na jua. Mishono yenyewe ilikuwa mizuri, iliyonyooka na kukazwa vema. Mnunuzi, ambaye alikuwa na nyumba ya kulala wageni, aliifua mara moja tu. Akadai fedha zake, na chama hakikuwa na budi kuzirudisha. Jasho la wanachama wanne kwa muda wa wiki saba likawa hasara, nayo hasara ikaandikwa kwa neno moja.

Nilimwuliza Mama Mwenyekiti kama mfarishi wowote uliwahi kufuliwa hapo chamani kabla ya kuuzwa. Akanijibu kwa mshangao, "Ndugu Mkaguzi, kitu kipya kifuliwe kwa nini?" Swali hilo ni la haki, na makala haya yameandikwa ili kulijibu.

MFARISHI NI NGUO TATU

Mfarishi una tabaka tatu zilizoshikanishwa kwa mshono mmoja: uso wa viraka, pamba ya katikati, na bitana ya chini. Kila tabaka lina tabia yake liingiapo majini. Nguo mpya ya pamba huvutwa sana kiwandani wakati wa kufumwa na kunyooshwa. Ikipata maji nyuzi zake hulegea na kurejea katika hali yake, na hilo ndilo tuliitalo nguo kurudi. Ni jambo la kawaida nguo mpya ya pamba kurudi kwa sehemu 3 hadi 5 katika kila 100. Mfarishi wenye urefu wa sentimita 200 waweza kupoteza sentimita 6 hadi 10. Marekani, ambayo wengi wetu huitumia kwa bitana, hutoka kiwandani ikiwa na wanga katika nyuzi zake, na kwa sababu hiyo huonekana nzito na imara kuliko ilivyo. Pamba ya poliesta, kwa upande wake, hairudi. Basi tabaka moja likirudi na jingine likikataa, mshono ulioyafunga pamoja hukunjamana, na mahali penye uzi dhaifu hukatika.

Sufi inahitaji onyo la peke yake. Kila unywele wa sufi ni kama mrija mtupu uliopakwa nta, ndiyo maana sufi huelea na zamani ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Ikilazimishwa kulowa, hukusanyika mabonge na haitandazwi tena. Mfarishi wa sufi usifuliwe majini. Ushonewe mfuko wa juu unaovuliwa, mfano wa foronya, na mfuko huo ndio ufuliwe.

Kwa nini bibi zetu, walioshona viraka vya kanga kuukuu, hawakupata matatizo haya? Kwa sababu kanga zile zilikwisha kufuliwa mara nyingi. Rangi iliyotaka kutoka ilikwisha kutoka, na nguo iliyotaka kurudi ilikwisha kurudi. Ndivyo ilivyokuwa hata mbali na kwetu. Mwaka 1966, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi walianzisha ushirika wa kushona mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee, ambao Bibi Estelle Witherspoon aliuongoza kwa miaka mingi na ambao ulidumu hadi mwaka 2012. Katika sehemu hizo, kabla ya kuwapo ushirika, akina mama walishona mifarishi ya nyumbani kwa suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa shambani. Nguo za namna hiyo zilikwisha kujaribiwa na maji. Sisi leo twashona kwa mabaki mapya kutoka kwa mafundi cherehani, ambayo hayajapata kuonana na tone la maji. Mfuo wa kwanza, uliokuwa ukifanywa na maisha yenyewe, sasa hapana budi ufanywe na chama.

KABLA YA SINDANO

Kila kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, yaani kitenge, kaniki na bitana vilevile. Mabaki madogo yatiwe ndani ya foronya iliyofungwa mdomo ili yasichambuke, na rangi nzito zitengwe na rangi nyeupe. Yakikauka yapigwe pasi ndipo yakatwe.

Kisha rangi ijaribiwe. Chukua kipande cha upana wa vidole viwili, ukitie katika bilauri ya kioo yenye maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni, ukiache kwa nusu saa. Tazama maji. Halafu kitoe na kukilaza juu ya kitambaa cheupe mpaka vyote vikauke. Maji yakibaki maangavu na kitambaa cheupe kikibaki cheupe, rangi hiyo ni ya kuaminika. Nyekundu, buluu nzito na nyeusi zisipewe kamwe imani bila ya jaribio hili. Kaniki hasa inajulikana kwa kuchuja, na batiki ambayo haikusuuzwa vya kutosha na mtengenezaji wake huchuja pia.

Wengi huamini kwamba chumvi au siki hufunga rangi. Si kweli kwa nguo za pamba zilizokwisha kutiwa rangi. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati wa kupika rangi yenyewe, ili rangi iingie katika nyuzi. Na siki hufaa kwa rangi za sufu ya kondoo na hariri. Kitambaa kinachochuja kisuuzwe tena na tena. Kisipokoma, kisitiwe katika mfarishi.

KUUFUA

Mfarishi uliokwisha ufuliwe kwa mkono, kwa utaratibu ufuatao.

1. Ukague wote, mbele na nyuma. Mshono uliofumuka ushonwe kwanza, kwa maana tundu la kidole huwa tundu la ngumi likiingia majini. Alama za chaki au kalamu zitolewe kwa maji baridi, wala zisitanguliwe na pasi, kwa kuwa baadhi ya wino hukomazwa na moto.

2. Tafuta karai kubwa la plastiki. Pipa la chuma lisitumike kama lina kutu, maana doa la kutu ni gumu kutoka. Tandika shuka kuukuu ndani ya karai, na mfarishi uwe juu yake. Shuka hilo ndilo litakalobeba uzito wakati wa kuutoa.

3. Maji yawe mengi kiasi cha mfarishi kuelea bila kubanwa, na yawe ya uvuguvugu ambao mkono hauhisi joto wala baridi. Tia sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chakula kwa kila debe, nayo ikorogwe kabla mfarishi haujaingia. Sabuni ya mche husafisha, lakini katika maji magumu, kama ya visima vingi vya pwani penye mawe ya chokaa, huacha utando mweupe juu ya nguo. Penye maji ya namna hiyo, maji ya mvua ndiyo bora.

4. Bonyeza kwa viganja, juu na chini, kwa dakika 10 hivi. Usisugue, usipige juu ya jiwe, wala usitumie brashi. Dawa ya klorini isitumike hata kidogo, kwani hula rangi na kudhoofisha nyuzi za pamba.

5. Usiuache umelowa huku umekunjwa. Mara nyingi rangi huhamia pale kiraka chekundu kinapolala juu ya cheupe ndani ya maji machache.

6. Mwaga maji na usuuze mara tatu au zaidi, mpaka maji ya mwisho yawe maangavu na bila povu.

7. Usiusokote. Ubonyeze ndani ya karai tupu mpaka maji yapungue, kisha watu wawili waunyanyue kwa ncha nne za shuka. Ulazwe juu ya mataulo makavu, ukunjwe pamoja nayo, na kubonyezwa tena.

KUANIKA

Mfarishi wa pamba uliolowa waweza kubeba maji mazito kuliko wenyewe. Ukitundikwa kwa ukingo mmoja, uzito wote huangukia mishono michache ya juu. Basi ulazwe juu ya kitanda cha kamba kilichotandikwa shuka safi, au juu ya kamba nne zilizofungwa sambamba, ili uzito ugawanyike. Pawe kivulini penye upepo, maana jua kali hupausha rangi. Nao ugeuzwe kila baada ya saa chache. Usiwekwe kabatini kabla ya kukauka hata katikati, kwa sababu unyevu uliofungiwa huzaa ukungu. Wakati wa masika ni afadhali kungoja siku ya upepo.

Usitandazwe chini juu ya nyasi wala mchanga. Yuko inzi ambaye hutaga mayai mahali penye kivuli, juu ya mchanga na juu ya nguo mbichi, na buu wake huingia katika ngozi ya mtu na kufanya jipu. Kwa ajili hiyo mfarishi uanikwe mahali palipoinuka, tena ukikauka upigwe pasi pande zote mbili. Wenye pamba ya poliesta upigwe kwa joto la wastani na kitambaa juu yake, ili usiyeyuke ndani.

RANGI IKICHUJA

Rangi ikionekana imehamia, usihamaki, na zaidi ya yote usiuache mfarishi ukauke. Doa lililokauka huwa gumu zaidi, na lililopigwa pasi huenda lisitoke kabisa. Uurudishe mara moja katika maji mengi ya uvuguvugu yenye sabuni ya kutosha, utandazike bila kubanwa, nao ukae humo saa kadhaa. Maji yakipata rangi yamwagwe, na mengine yatiwe pamoja na sabuni. Msomaji ataona kwamba hapo juu nilikataza kuuacha umelowa. Tofauti iko katika wingi wa maji: katika maji mengi yenye sabuni rangi hubaki ikielea, bali katika maji machache hutafuta nguo nyeupe ya kukalia.

WAJIBU WA CHAMA

Mnunuzi hajui tulichokitia ndani ya mfarishi. Sisi ndio tunaojua. Kwa hiyo kila mfarishi uwe na lebo ya kitambaa iliyoshonewa pembeni, ikitaja pamba ya ndani na maneno haya: "Ufuliwe kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu. Usitumie klorini. Usisokote. Uanikwe kivulini, umelazwa." Kwa mnunuzi wa kigeni, alama zinazotumika katika mataifa mengi zitafaa: karai lenye mkono ndani yake humaanisha kufua kwa mkono, na pembetatu iliyopigwa mkasi humaanisha dawa yoyote ya kung'arisha nguo, ikiwamo klorini, isitumike.

Aidha, katika kila kundi la mifarishi iliyoshonwa kwa vitambaa vya aina moja, mmoja ufuliwe na chama kabla ya mingine kuuzwa. Upimwe urefu na upana kabla na baada ya kufuliwa, na matokeo yaandikwe katika daftari la bidhaa pamoja na tarehe na jina la aliyefua. Gharama ya sabuni na maji iingizwe katika gharama za kutengeneza, kwani kufua ni sehemu ya kutengeneza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Chama nilichokitaja mwanzoni kiliirudisha mifarishi ile sita majini kwa njia niliyoieleza. Miwili ilisafika ikauzwa kwa bei ya chini. Minne ilikuwa imekwisha kupigwa pasi na mnunuzi, haikusafika, nayo sasa hutandikwa katika chumba cha kushonea. Mama Mwenyekiti amekataa isitupwe. Kila mwanachama mpya huonyeshwa kwanza hiyo, kabla ya kukabidhiwa sindano.